Mjadala: Wasichana wa Nyanda za Juu Kusini na hoki ya barafu, tuanze na viatu vya matairi au tuachane nayo?

Mwalimu wa michezo, Uyole
Naleta hoja. Kombe la dunia la wasichana chini ya miaka 18 lilianza 2008 kule Calgary, na hadi 2025 lilikuwa halijatoka mikononi mwa Marekani na Kanada. Olimpiki ya vijana ni habari nyingine: Lausanne 2020 dhahabu ya wasichana ilikwenda Japani, na Gangwon 2024 ulikuwepo mchezo wa watatu kwa watatu, uwanja mdogo na kikosi kidogo. Kenya wana barafu ya hotelini tu pale Nairobi, na 2024 wamepokewa IIHF, shirikisho la dunia la mchezo huu. Shule za Mbeya, Iringa na Njombe zianze timu za wasichana. Baridi si tunayo?

Fundi wa vyumba baridi, Njombe
Shikamoo mwalimu. Hilo la baridi tuliondoe mapema. Uwanda wa juu wa Kitulo mwezi wa saba umande unaganda alfajiri, jua likichomoza umekwisha. Barafu ya hoki inashikiliwa kwenye nyuzi 5 hivi chini ya sifuri, unene kama sentimita 3. Uwanja wa mita 60 kwa 30 unakula lita 54,000 za maji, na yanamwagwa tabaka nyembamba nyembamba. Ukiyamwaga kwa mkupuo barafu inabaki na hewa ndani na kumeguka. Chini kuna zege lenye mabomba ya glaikoli, kimiminika cha kupoza kisichoganda, chini yake kihami joto, na chini kabisa mabomba ya kupasha udongo, la sivyo ardhi nayo inaganda, inavimba na kupasua zege.

Sasa urefu wa huku. Mbeya, mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko Dar. Kondensa ya feni, sehemu ya mtambo inayotupa joto nje, inatoa joto kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye kibao chake, na jenereta nalo linapungua nguvu. Anayenunua kwa kusoma kibao tu atakuwa na kompresa isiyopumzika na barafu laini. Masika paa linatonesha, kila tone linaganda kuwa kinundu, na kisu cha kiatu kikikanyaga hapo kifundo kinateguka. Chumba cha parachichi umeme ukikatika unafunga mlango, unapata muda. Barafu ya uwanjani iko wazi yote.

Kocha wa hoki ya majani, Iringa
Ahsante fundi. Mimi napinga hoja nzima. Hoki ya majani tunayo, wanaume wetu waliicheza Olimpiki ya Moscow 1980. Binti anahitaji fimbo, kinga ya ugoko na ya meno. Kwenye barafu ni kofia yenye wavu wa uso mzima, kinga ya shingo, mabega, viwiko, glovu, kaptula nene, magoti, halafu viatu. Na Tanzania si mwanachama wa IIHF. Hata wakiwa hodari, kombe la dunia watacheza kwa bendera ipi?

Kocha wa viatu vya matairi, Mafinga
Barafu isubiri, ila matairi yanawezekana leo. Uwanja wa kikapu wa zege, mita 28 kwa 15, unatosha watatu kwa watatu na makipa. Pembeni laza mbao za paini za sita kwa mbili: za futi 12 zinaingia 24. Pembe nne zikatwe mshazari, vinginevyo mchezo unakwama konani kila dakika. Goli ni bomba la kuchomelea, upana mita 1.83, kimo 1.22.

Magurudumu yawe magumu, 82A hadi 85A kwa kipimo cha ugumu, namba ikipanda ndivyo yalivyo magumu. Ya 76A, ya kuchezea ndani ya ukumbi, yanalika upesi kwenye zege la huku. Adui mkubwa ni vumbi: kila mchezaji ana beringi 16. Zitoe, zioshe kwa mafuta ya taa, zikaushe kabisa, tone moja la mafuta mepesi. Ukiweka grisi nyingi, zinabeba vumbi na kukwama. Maungio ya zege yazibwe, gurudumu likinasa humo binti anaanguka kifudifudi.

Kasoro ipo, niiseme: kusimama. Kwenye barafu unageuza miguu kiubavu na kisu kinakwangua, kwenye matairi wanazoea kuburuta mguu wa nyuma. Kila zoezi liwe na mikunjo ya ndani na nje ya mguu. Na hoki ya wanawake ya IIHF hairuhusu kumvaa mtu kwa mwili, kwa hiyo wafundishwe kumbana mpinzani ukutani kwa kumjia mshazari, fimbo chini.

Kocha wa hoki ya majani, Iringa
Dada, umenijibu vifaa. Bendera je?

Mwalimu wa michezo, Uyole
Kenya walicheza miaka kadhaa kabla ya kupokewa.

Kocha wa hoki ya majani, Iringa
Basi chama kisajiliwe Baraza la Michezo la Taifa kabla ya kununua kiatu cha kwanza. Mkikubali hilo, mbao nitazichangia.