Makanisa matano, siku moja ya kutoa: tumekwama kwenye mahubiri na bango. Naomba ushauri

KatibuAsiyeombaKura
Wakuu, habari za majukumu.

Nipo Mbeya mjini. Makanisa matano ya kata yetu (Moravian, KKKT yaani Walutheri, Katoliki, TAG ambao ni Wapentekoste, na Wasabato) yamekubaliana kufanya siku moja ya huduma kwa jamii tarehe 7 Julai, Saba Saba. Mimi nimepewa ukatibu, cheo ambacho wenzangu wote walinipisha kwa heshima kubwa mno.

Tarehe haikutusumbua. Jumamosi Wasabato wako ibadani, Jumapili tuko sisi wengine, kwa hiyo sikukuu ya katikati ya wiki haimnyimi mtu ibada yake, na mwaka huu ni Jumanne. Tena Julai mvua hakuna, mahindi na maharage yameshatoka shambani, bei imepoa. Halafu kuna baridi. Aliyewahi kukaa Uyole alfajiri ya mwezi wa saba ataelewa kwa nini blanketi limekaa namba moja kwenye orodha yetu.

Mpango ni huu: asubuhi usafi wa zahanati, kuchangia damu, kupima presha na sukari. Mchana tunagawa vifurushi kwa kaya kama 150 zenye hali ngumu: unga kilo 10, maharage kilo 3, mafuta lita moja, sabuni mche mmoja na blanketi.

Sasa tulipokwama. Mchungaji mmoja anataka kabla ya kugawa kuwe na mahubiri na mwito wa kuokoka. Paroko naye kasema, kwa upole lakini bila kupepesa, kwamba ikiwa hivyo waumini wake wataishia kwenye usafi na damu. Bango ndilo lililomaliza kikao cha mwisho, kila kanisa linataka nembo yake iwe ya kwanza. Pesa hatujakubaliana zikae kwa nani. Na juzi diwani ametuma salamu kwamba angependa "kukabidhi".

Aliyewahi kupitia haya anisaidie. Matusi ya dini na dini tafadhali wekeni kando.

Kibwana Shamte
Hapo kwenye bango ndipo umoja huwa unafia. Nimekaa pale, nafuatilia uzi.

Mama Diakonia
Mwanangu katibu, pole na hongera. Nimehudumu kwenye diakonia ya usharika, yaani huduma ya kanisa kwa wenye shida, miaka mingi, na bango lenu halinisumbui hata kidogo. Kinachonisumbua ni neno "tunagawa" ulilolitaja juu juu. Mnagawia wapi? Uwanjani? Kwa foleni?

Niliwahi kuona ugawaji wa foleni, sitaji wapi. Watu wamepangwa tangu asubuhi, vifurushi vimerundikwa mbele kama zawadi za mashindano, kijana anapita na kamera. Bibi mmoja ninayemfahamu alikuwa karibu kufika mbele. Alipoiona kamera akavuta khanga usoni, akageuka, akaondoka zake. Ndani kwake nilijua hakuna kitu. Nilimpelekea jioni, akapokea bila neno. Waliobaki kwenye foleni wakachukua, na miongoni mwao walikuwemo wenye nyumba za kupangisha.

Pelekeni majumbani. Wawili wawili, jioni, mfuko usio na maandishi. Mnafika, mnasalimia, mnaketi kidogo, mnaondoka. Kazi ni kubwa kuliko kusimama uwanjani na spika, lakini watu mnao.

Na orodha msiichukue kwa mwenyekiti wa mtaa peke yake. Sisemi ni mbaya, ila naye ana shemeji. Chukueni ya kwake, ya walengwa wa TASAF (mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini), ya afisa ustawi wa jamii wa kata, na majina kutoka jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, maana wale wanasali nyumba kwa nyumba na wanajua nani amelala kitandani tangu lini. Kisha nendeni kwa muuza genge na mwenye duka la mtaani. Yule anajua nani ananunua mafuta ya kupima kila siku na nani hata hayo ameacha kununua. Jina likitokea kwenye orodha mbili au zaidi, andikeni. Likitokea kwenye moja tu, mtu aende akaone.

Jembe la Injili
Mimi ni Mpentekoste na sioni aibu kusema namuelewa huyo mchungaji. Tutatoaje unga tukamficha Yesu? Serikali inatoa, mashirika yanatoa, hata kampuni za simu zinatoa. Kanisa likitoa kimya kimya limetofautianaje nao? Mtu anashiba leo, kesho ana njaa tena, na roho yake hatujaigusa. Msiuone mwito wa wokovu kama kero. Kwetu ndiyo zawadi kubwa kuliko hilo blanketi.

Kibwana Shamte
@Jembe la Injili Mkuu, swali moja. Mama ana watoto wanne na unga uko mbele yake. Ukimwambia anyooshe mkono aokoke kwanza, atanyoosha? Atanyoosha hata miwili. Wewe utaandika nafsi 150 zimeokoka, na Jumapili hutamwona hata mmoja.

Jembe la Injili
@Kibwana Shamte Sijasema awekewe sharti. Anayetaka aje, asiyetaka achukue chake aende.

Mama Diakonia
@Jembe la Injili Mwanangu, neno likiwa mbele na unga ukiwa nyuma, sharti lipo hata usipolitamka. Mbona msifanye hivi: mahubiri yawepo, jioni ya siku nyingine, uwanjani, na spika zenu zote. Atakayekuja usiku ule atakuwa amekuja kwa ajili ya neno, na nyie wenyewe mtajua kweli mmevua wangapi.

Abuu Swaleh
Assalaam alaykum na Bwana asifiwe, nawasalimu wote. Mimi Muislamu, nipo Mbeya hiyo hiyo, na jirani zangu wengi ni wa makanisa aliyoyataja katibu.

Katibu hajasema kama orodha ina Waislamu. Kama ni huduma kwa jamii, jamii ndiyo sisi pia, basi mje hata kwa imamu mumuulize nani ana shida. Hatakataa kuwapa majina. Sisi Ramadhani tunapeleka futari kwa jirani bila kuuliza anasali wapi.

La pili, kama kutakuwa na chakula cha kupikwa siku hiyo kwa wachangia damu na wafanya usafi, nyama ichinjwe na Muislamu, na mlitangaze hilo mapema. Mgogoro wa kuchinja wa mwaka 2013 kule Buseresere, Geita, ulifika hadi mchungaji akauawa. Kwa hapa kwetu mambo ni shwari, na ndiyo maana ya kulimaliza jambo hili kabla ng'ombe hajafika. Mkiona usumbufu, pikeni wali maharage, hakuna atakayeuliza maharage yamechinjwa na nani.

La mahubiri ni la kwenu, siingii. Ila hodi ikipigwa na mtu mwenye unga mkono mmoja na kipaza sauti mkono wa pili, mke wangu hatafungua.

Mzee wa Rungwe
Ndaga fijo (asante sana) Abuu.

Vijana, mnabishana kama vile jambo hili limeanza jana. Mwaka 1891 wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin, yaani Walutheri, walifika Unyakyusa mwaka huo huo mmoja. Wangeweza kugombania kila kijiji. Walichofanya ni kukaa chini na kugawana eneo, huyu upande huu, yule upande ule. Ndiyo maana mpaka leo ukienda huku utakuta Moravian wamejaa na ukienda kule utakuta Walutheri. Sisemi walipatana kila kitu, ila hawakupoteza nguvu kwa kukanyagana.

Nanyi gawaneni mitaa. Lakini fanyeni kinyume cha wazee: kila kanisa lipewe mtaa ambao waumini wake ni wachache. Moravian waende kwenye mtaa uliojaa Wakatoliki, Wakatoliki waende kwa Wapentekoste, Wasabato waende kule kwa kina Abuu. Mchungaji hatapata wa kumpendelea kwa sababu hawajui, na mpokeaji hatahisi anadaiwa aje kusali kwa aliyemletea. Hata hilo bango litakosa kazi, maana mlangoni kwa mtu huendi na bango.

Dokta wa Zamu
Kwenye damu. Msisubiri wiki ya mwisho. Kituo cha damu salama cha Kanda ya Nyanda za Juu Kusini kipo hapo hapo Mbeya, waandikieni sasa wawaweke kwenye ratiba, kwa sababu timu na gari vinagombaniwa.

Tangazeni sifa za mchangiaji kanisani mapema ili watu wasije wakarudishwa mbele za wenzao: umri miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, awe mzima. Mwanaume anaruhusiwa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Na tafadhali, siku hiyo asifunge mtu! Najua baadhi ya makanisa hufunga na kuomba kabla ya tukio kubwa. Mtu akija hajala wala kunywa maji tangu jana, atadondoka, na mtaa mzima utasema damu yake imenyonywa.

Presha na sukari, pitieni kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri, msikusanye tu manesi waumini wenye mashine zao. Na muwe na jibu la "halafu?". Ukimkuta mzee presha iko 190 kwa 110, unampa karatasi akaitunze? Panga kabisa nani atamfikisha kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa kambi za afya Wasabato ni wazoefu, wapeni wao wasimamie eneo hilo.

Mhasibu Mstaafu
Pesa. Wala msifungue akaunti mpya ya benki kwa tukio la siku moja, mtazungushwa mihutasari na katiba mpaka Saba Saba ipite. Tumieni akaunti ya kanisa moja lenye utaratibu wa ukaguzi, kwa barua iliyosainiwa na makanisa yote matano kwamba fedha hizo ni za kamati. Anayetunza akaunti asiwe anayenunua, na anayenunua asiwe anayepokea stoo. Mbunge wa stoo awe wa kanisa lingine kabisa. (Namaanisha mtunza stoo, simu yangu ina siasa.)

Michango midogo midogo ya simu ikusanyweni kwa M-Koba, ile huduma ya simu ya vikundi vya kuweka pesa, pesa haitoki mpaka wenzako waidhinishe. Siku saba baada ya tukio, taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwenye makanisa yote matano, karatasi ile ile moja. Isomwe hata kama ni ya kutia aibu.

Kutafuta hela, fanyeni mnada wa mavuno wa pamoja mwezi wa sita. Kwetu jogoo ananunuliwa, mnunuzi anamrudisha auzwe tena, mpaka jogoo mmoja anaingiza pesa ya mbuzi. Weka Mlutheri na Mmoravian wapandishiane dau kwenye jogoo huyo huyo, utaniambia.

Pwani254
Salamu kutoka Mombasa. Kwa huyo diwani, angalieni sana. Huku kwetu tumeona makanisa yakigeuzwa majukwaa hadi maaskofu wakachoka. Mwaka 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana Jackson Ole Sapit aliwapiga wanasiasa marufuku kuhutubia ibadani, na Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mchango alioutoa Rais Ruto katika parokia ya Soweto, likasema urudishwe. Ikiwa wa rais umerudishwa, huyo wa wadi ni nani?

Mhasibu Mstaafu
@Pwani254 Huku diwani anakaa kwenye kamati ya maendeleo ya kata na zahanati mnayotaka kuifanyia usafi iko chini ya halmashauri yake, kumkwepa si kazi rahisi. Mpeni fagio. Aalikwe asubuhi kwenye usafi, pamoja na mtendaji wa kata. Akija kufagia, asante. Asipokuja, mtakuwa mmemwalika.

KatibuAsiyeombaKura
Wakuu, nimerudi. Jana tulikaa kikao, nikaenda na hoja zenu bila kusema nimezitoa wapi.

Kupeleka majumbani kumepita, ingawa vijana wa kwaya walinuna kwa sababu walikuwa wameshaanza mazoezi ya kuimba uwanjani. Tumewahamishia asubuhi zahanati, pamoja na tarumbeta za Moravian. Kwa kuwa ni mkusanyiko wa hadhara, taarifa ya maandishi inakwenda kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya) wiki hii wakati sheria inadai saa 48 tu, sitaki presha.

Kugawana mitaa kwa mtindo wa Mzee wa Rungwe kulizua kelele, kisha paroko akacheka akasema yeye anauchukua mtaa wa TAG. Basi ikapita. Bango ni moja, la zahanati tu, limeandikwa "Makanisa ya Kata" bila nembo yoyote. Nembo zimehamia kwenye barua.

Abuu, nitakutafuta unifikishe kwa imamu.

Mahubiri bado. Mchungaji amekubali yasiwe siku hiyo, lakini anataka mkutano wa jioni uwe tarehe 6, usiku wa kuamkia ugawaji, na utangazwe pamoja na tukio. Wengine tunaona ni sharti lile lile limepitia mlango wa nyuma. Nimependekeza tarehe 11 na 12, yeye anasema watu watakuwa wamesahau. Tunakutana tena Alhamisi.

Wakati huo huo, blanketi: soko la Mwanjelwa hapa mjini bei ya jumla tumeambiwa haishuki. Nani anajua Tunduma, kule mpakani, pakoje?

Kibwana Shamte
@KatibuAsiyeombaKura Watu wakisahau siku nne baada ya kupewa blanketi, basi tatizo liko kwenye mahubiri. Mwambie Alhamisi.

Tunduma nafuu ipo, ila usinunue barabarani kwa wanaokuita "boss". Ingia duka lenye risiti ya EFD (mashine ya kodi), la sivyo Mhasibu Mstaafu atakusomea kwenye makanisa yote matano. Fungua bando moja ulitazame la katikati, siyo la juu. Lipime kwa mkono, yale mepesi yanayong'aa yanachanika kabla ya Nane Nane. Na nenda na gari yako, nauli ya mzigo ndiyo inayokula faida yote.