Mrejesho: kaburi la John Nettleton

Niliuliza alikozikwa John Nettleton, mzaliwa wa Natal, Afrika Kusini, aliyehamia Uingereza akawa rubani wa Lancaster, ndege ya kudondosha mabomu, katika Vita vya Pili vya Dunia. Kaburi halipo. Ndege yake ilipotea ikirudi kutoka Turin, usiku wa kuamkia 13 Julai 1943, na mwili haukupatikana. Jina limechongwa Runnymede, Uingereza, kwenye mnara wa kumbukumbu wa wanajeshi wa anga wasio na kaburi linalojulikana, kati ya majina zaidi ya 20,000. Na huyu alinusurika shambulio la mabomu la Augsburg, Ujerumani, 17 Aprili 1942, mchana kweupe! Kati ya Lancaster 6 za Skwadroni ya 44 (kikosi chake cha ndege), ilirudi yake tu.

Unayetafuta mwanajeshi wa anga mwingine, daftari za skwadroni ziko kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, London, kundi AIR 27. Anza na Fomu 541: ina ndege, majina ya waliokuwemo na saa ya kuruka. Angalia tarehe ya kuruka na ya kesho yake, maana vifo vingi vilitokea baada ya saa sita usiku.