Mwanzo wa Apocalypse Now hauna risasi hata moja. Mbona unaumiza hivi?

Mdadisi_wa_Picha
Wakuu, habari zenu. Jana nimeiona Apocalypse Now kwa mara ya kwanza, ile filamu ya vita vya Vietnam ya Francis Ford Coppola ya 1979. Rafiki niliyekuwa naye anasema pale mwanzo ni muziki na moshi tu, eti hadithi inaanza wale askari wawili wanapokuja kumchukua Kapteni Willard hotelini. Mimi sikubali. Adui haonekani, hakuna anayepigwa risasi, jamaa kajilaza chali kitandani huko Saigon anavuta sigara, lakini kufika hapo nilishajua huyu mtu kaharibika ndani. Nimejuaje? Mwenye utaalamu anifafanulie, ila asiniambie "kaigiza vizuri" akaishia hapo.

FundiSauti
Mkuu, irudie ile sehemu, safari hii ufumbe macho. Mimi kazi yangu ni kuchanganya sauti za filamu, kwa hiyo jua kabisa navutia kwangu.

Kinachotangulia ni mlio: fup, fup, fup, wa taratibu, unazunguka kama uko nyuma ya kisogo chako. Ni wa helikopta, lakini una kasoro. Hauna injini. Walter Murch, aliyebuni sauti za filamu hii, na wenzake waliutengeneza kwa sinthesaiza, wakabakiza lile panga linalokata hewa na kuacha mengine yote. Halafu unaona minazi, helikopta inapita mbele yake, vumbi la njano linapanda, mara msitu wote unalipuka kwa napalmu. Sasa jiulize: mlipuko uliusikia? Hukuusikia. Moto wote ule na hakuna kishindo, ni wimbo wa The Doors na lile panga basi. Mtu aliyeko vitani angesikia kishindo. Huyu hayuko vitani, anakumbuka, na kumbukumbu yake imechagua yenyewe cha kubaki nacho na cha kutupa.

Ndipo uso wa Willard unatokea juu chini, moto unapita juu yake, na kwenye picha hiyohiyo pangaboi la chumbani linazunguka. Ule mlio sasa umehamia kwenye pangaboi. Anapoinuka kwenda dirishani kuna helikopta ya kweli inapita juu ya mji, na mlio umehamia huko. Mlio mmoja, wenyewe watatu: wa kichwani, wa darini, wa angani. Wewe mtazamaji huwezi kusema mmoja ulikoma wapi na mwingine ukaanzia wapi, na hapo ndipo wamekubana, kwa sababu Willard naye hawezi. Zile Huey za Wamarekani zilikuwa na panga kuu lenye mbawa mbili, mlio wake haufanani na wa helikopta nyingine, na wapo maveterani wengi wa Vietnam waliosema kwamba wakiusikia hadi leo mwili unashtuka kabla akili haijafika.

Kuna kingine ambacho wengi hawakisikii. Akiwa mle chumbani, sauti za mji zinabadilishwa moja moja. Filimbi ya trafiki inageuka nyenje. Honi za magari zinakuwa ndege. Nzi wa dirishani anageuka mbu. Macho yako yanaona kuta nne za hoteli, masikio yameshapelekwa porini. Murch alipata Oscar ya sauti kwa filamu hii, na mimi ningempa kwa chumba hicho pekee.

Nuru_K
Fundi umeeleza vizuri, ila umeyaruka maneno ya Willard. Mume wangu aliwahi kuvaa gwanda, kwa hiyo mimi nilikwama kwenye yale Willard anayosimulia kuhusu mkewe: kwamba alirudi nyumbani, akawa hasemi kitu hadi siku ya kukubali talaka. Akiwa kwao anaitamani Vietnam, akiwa Saigon anawaza kurudi msituni. Watu wakisikia kiwewe wanamfikiria mtu anayejificha mlango ukibamizwa. Huyu hajifichi. Anakutamani kulekule kulikomvunja, na anaona kila dakika ya kupumzika inamlegeza. Hilo linatisha kuliko moto. Masimulizi yaliandikwa na Michael Herr, mwandishi wa habari aliyeishi na wale askari Vietnam, na yanasikika hivyo.

JichoLaTatu
Na kile kioo anachokivunja Willard mle chumbani? Siku ile Martin Sheen, anayemwigiza Willard, alikuwa anatimiza miaka 36, Agosti 1976, huko Ufilipino, na alikuwa amelewa kwelikweli. Alikipiga ngumi kioo, akajikata, ile damu ni yake. Coppola alitaka kusimamisha kamera, Sheen akaomba waendelee. Sasa mnachokisifia ni kiwewe cha askari au ni matatizo ya mwigizaji?

FundiSauti
@JichoLaTatu swali zuri. Kwangu mimi kioo ndicho kipande dhaifu cha mwanzo wote. Kinakupigia kelele kitu ambacho umeshakihisi. Kikitolewa, sehemu bado inasimama. Litoe pangaboi uone kama kuna kitu kinabaki.

@Nuru_K nakubaliana na wewe kabisa. Na tuangalie mwaka: filamu imetoka 1979, wakati mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliingiza ugonjwa huu wa baada ya kiwewe mwaka 1980. Kwa hiyo hakuna daktari wa kuja kukuelezea, wala Willard hana jina la kinachomsumbua. Ana bastola na chupa.

Mdadisi_wa_Picha
Nimeirudia. Nyenje nimewasikia, mbu nimemkosa. Ila kuna sanamu ya jiwe, uso mkubwa, unapita juu ya moto. Si ule wa mwishoni, kwa Kurtz, yule kanali ambaye Willard anatumwa kumuua?

FundiSauti
Ndiyo wenyewe. Wengine wanasema ni ndoto ya yatakayokuja. Mimi naona Willard anasimulia baada ya yote kwisha, kwa hiyo Kurtz tayari ni kovu mojawapo, limechanganyika na mengine bila tarehe. Huyo mbu tafuta hedifoni, spika ya simu haitakupa.

Nuru_K
Mwambie na rafiki yako arudie.

Mdadisi_wa_Picha
Nimemwambia. Kasema hana muda wa kusikiliza pangaboi.