Nimealikwa Pchum Ben: matonge ya bay ben yanaandaliwaje?

MgeniMekong: Habari wakuu. Niko Phnom Penh, Kambodia, majirani Wakhmer wamenialika pagoda (hekalu la Kibuddha) kwa Pchum Ben, sikukuu ya kuwakumbuka marehemu. Nataka kwenda na matonge yangu ya wali, bay ben. Wali unapikwaje, na ni saa ngapi?

Jungukuu: Tafuta mchele wa kunata, wa kawaida haushiki tonge. Roweka usiku kucha, chuja, pika kwa mvuke. Ukiuchemsha kwenye maji mengi utapata uji. Changanya na ufuta uliokaangwa kidogo. Wengine hutia tui la nazi, ila liwe zito na kidogo, maana kwa joto la kule wali wenye tui huchacha upesi. Lowesha viganja, finyanga wali ukiwa na uvuguvugu. Ukipoa kabisa tonge linapasuka. Ukubwa wa ndimu unatosha. Kilo moja inatoa zaidi ya matonge 50.

Mkaapagoda: Waulize kwanza ni siku ipi. Msimu una siku 15: 14 za mwanzo ni Kan Ben, ya 15 ndiyo Pchum Ben yenyewe, na umati siku hiyo ni mkubwa mno. Fika saa 10 alfajiri. Watu huzunguka vihara, jengo kuu la ibada, mara 3 na mishumaa na udi, wakidondosha matonge gizani, kwa sababu preta, roho zenye njaa ambazo midomo yao ni kama tundu la sindano, huogopa mwanga. Ukifika kumekucha umechelewa.

Wageni wengi hukosea hapa: matonge hayo si chakula cha watawa. Cha watawa hupelekwa baadaye asubuhi, nao wale kabla ya saa 6 mchana. Baada ya hapo hawali tena mpaka kesho. Familia huandika majina ya marehemu wao yasomwe, thawabu iwafikie. Usiipuuze sehemu hiyo, ndiyo moyo wa siku.

MgeniMekong: Asante sana. Mimi ni mwanamke, nimkabidhije mtawa chakula?

Mkaapagoda: Usimguse wala usimpe mkononi, dada. Tia bakulini, au weka juu ya kitambaa anachotandika mbele yako. Salamu ni sampeah, viganja vikiwa pamoja: rafiki kifuani, mkubwa wako mdomoni, wazazi na walimu puani, mtawa kwenye nyusi. Vaa blauzi nyeupe yenye mikono na sampot (sketi ya Kikhmer) ndefu. Viatu na kofia vivuliwe. Keti miguu umeikunja upande, nyayo zisielekee sanamu ya Buddha.

Jungukuu: Zawadi ya kubeba ni num ansom, wali wa kunata wenye nyama ya nguruwe na choroko ndani ya majani ya mgomba. Nunua sokoni tu. Huchemka saa nyingi, na maji yakishuka chini ya vifurushi, vya juu hubaki vibichi. Na achar, mzee anayeongoza ibada, akisema matonge yawekwe kwenye sinia badala ya kutupwa chini, weka kwenye sinia.