Mjadala: Jumuiya ya WhatsApp ni jumuiya kweli?

Mwanzisha mada, Tomondo, Unguja:

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Na majirani zetu Waislamu mnaosoma hapa, asalaam aleikum. Jambo hili linawagusa nanyi, maana tunasali tukipakana ukuta.

Katika jumuiya yetu ndogondogo, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja majumbani, imeletwa hoja kwamba sala ya Jumamosi alfajiri, ile ya kuzunguka nyumba kwa nyumba, ikome. Somo litumwe kwenye kundi la WhatsApp, nia za sala ziandikwe humohumo, michango ipite kwa simu. Wenye hoja si wavivu. Wengi ni vijana waliotoka bara kufanya kazi hotelini. Gari la wafanyakazi linawachukua kabla hakujapambazuka, na ofu, siku yao ya mapumziko, inaangukia Jumanne au Jumatano. Noeli, sikukuu yetu wenyewe, ndipo vyumba vinapojaa wageni na hakuna anayeruhusiwa kukosa. Masika hoteli zikifunga, wanarudi kwao.

Hata hivyo napinga. Mwaka jana kijana wetu mmoja aliandika kwenye kundi kwamba ana homa. Tulimwandikia "pole", tukamtumia na vile viganja vya kusali, vikajaa skrini nzima. Siku ya nne kaacha kujibu. Tulipotaka kumfuata, hakuna aliyejua kapanga nyumba ipi. Aliyempeleka hospitali ni mama mwenye nyumba, Muislamu, ambaye hakuwa na namba ya hata mmoja wetu. Kijana alipona, namshukuru Mungu na namshukuru mama yule. Lakini katibu ni mimi. Jina lake ninalo kwenye daftari la michango mwezi kwa mwezi, na mlango wake sikuujua.

Wakristo wa kisiwa hiki tulianzaje? Tangu 1860 mapadre Wakatoliki walilea hapa mjini watoto waliokombolewa utumwani. Soko la watumwa la Mkunazini lilipofungwa mwaka 1873, misheni ya Kianglikana ikawa inawapa makazi Mbweni watu waliotenganishwa na koo zao, wasio na shangazi wala mjomba Unguja nzima. Ubatizo ndio uliowapa ndugu: wa kuwauguza, wa kuwazika. Kanisa lao la Mtakatifu Yohane, la mwaka 1882, bado limesimama pale Mbweni. Kijana anayeshuka bandarini leo na begi moja amekuja kwa hiari yake, silinganishi mateso. Ila naye hana shangazi hapa. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya hizi kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa liwe pale mtu anapoishi.

Ipo na lawama kwamba jumuiya imegeuka ofisi ya michango, kwamba barua ya kubatizia mtoto hupewi mpaka kadi yako ionekane imelipiwa. Ni kweli, na inaniumiza. Lakini tukihamia kwenye simu, itabaki michango mitupu.

Mchangiaji, Paje:

Dada, nyinyi wa mjini mna nafasi ya kusema hivyo. Mimi niko hausikipingi, usafi wa vyumba hotelini, ofu yangu Jumanne. Usiku wa Noeli nilisoma somo kwenye simu, nimekaa stoo ya mashuka, nikalia. Bila lile kundi nisingekuwa na Noeli kabisa. Halafu mwenye nyumba wangu kaniambia mapema: hapa hakuna kuimba.

Jirani, Tomondo:

Mimi ni Muislamu, nyumba yangu imepakana na ya mwenzenu mmoja. Watu kumi wakisali sebuleni hawajawahi kunikera. Kilichonikera ni siku mlipoleta spika kwa ajili ya watu kumi hao hao. Nilikwenda kusema, wakaizima, yakaisha. Mkiacha kuja, mimi nitawajuaje? Msiba wa mzee wa nyumba ile nilijua la kufanya kwa sababu nilishazizoea sura zenu mlangoni.

Mwanzisha mada:

Baba, la spika tulikosa, na haitarudi. Nyimbo tutaimba kwa sauti ya ndani ya nyumba.

Mdogo wangu wa Paje, umenigusa. Kundi lisifutwe, hiyo stoo ya mashuka sitaki ukae humo bila hata hilo. Ninachokataa ni kundi kuchukua nafasi ya mlango. Tumeng'ang'ania Jumamosi kana kwamba ni amri, na hakuna aliyetuamuru. Nyinyi mnaopata ofu Jumanne huko Paje na Jambiani mnaweza kuwa jumuiya yenu wenyewe, mkasali Jumanne usiku, hata mkiwa watatu. Mwenye nyumba akikataa kuimba, msiimbe, someni na kuombeana. Nitamweleza padre Jumapili hii.

Jumanne ijayo nakuja na wenzangu wawili kwa daladala ya jioni. Nielekeze tu: tukishuka Paje, nyumba yako iko upande wa baharini au wa bara ya barabara?