Mrejesho: Mtoto wa jirani na kelele za usiku

Wakuu, niliomba ushauri kuhusu mtoto wa jirani mwenye usonji (autism), anayepiga mayowe na kugonga ukuta wetu usiku. Waliosema niende kwa mwenyekiti wa mtaa, sikwenda. Amwambie nini mtoto yule?

Nilimfuata mama yake jioni, akiwa ametulia. Kumbe kinachomvuruga zaidi ni umeme kukatika: feni ikizima ghafla, usingizi umekwisha. Watoto wengi wa hali yake husumbuliwa na mabadiliko ya ghafla. Tukachanga, tukanunua feni ya kuchaji. Kitanda chake wamekihamishia ukuta wa uani, na pale alipokuwa akigonga wameegesha godoro kuukuu.

Sauti bado inapita juu, maana nyumba zetu hizi za kupanga kuta hazifiki kwenye bati na dari hakuna. Mwenye nyumba anasema ataweka jipsamu, namjua, sisubiri. Siku mbaya natia pamba masikioni.

Mayowe yapo, ila si kila usiku. Sihami. Yule aliyeniambia mtoto aombewe, mama yake anasema ameshapita makanisa yote, sasa anatafuta shule.