Tupeane uzoefu: uliwezaje kuielewa safu ya ulinzi kwenye futiboli ya Kimarekani?

Mama Yadi (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Nipo Columbus, Ohio. Huku msimu wa mechi za chuo ukianza, Jumamosi hakuna stori nyingine. Upande wa kushambulia haukunisumbua: una dauni nne, yaani majaribio manne, za kupata yadi 10, ukishindwa mpira unakwenda kwa wenzio. Kazi ipo kwa wale 11 wanaozuia. Wanasogeasogea mpira haujaanza, mtangazaji anataja namba zake, mara mtu kashalala chini, sebule nzima inashangilia kasoro mimi.

Kuna kaka tunafanya naye shifti ya usiku, alicheza enzi za sekondari. Aliniambia niachane na mwenye mpira, nihesabu walioinama mkono ukigusa nyasi. Wanne wameinama, watatu wamesimama nyuma yao: hiyo ni 4-3. Watatu wameinama, wanne wamesimama: 3-4. Hao wanaosimama ndio malainibeka. Wanne waliobaki ni mabeki wa nyuma: kona wawili wanaokaba wapokeaji wa pembeni, na sefti wawili kule mbali katikati. Nyie wenzangu mlianzia wapi?

Raga Damu
Mimi ni Mkenya, naishi Indianapolis. Aliyenivuta ni kijana wetu Daniel Adongo. Alitoka kwenye raga, hajawahi kucheza mchezo huu, Colts, timu ya hapa, wakamsajili 2013 na kumweka lainibeka wa nje. Muda wake mwingi uwanjani ulikuwa kwenye vikosi vya mipira ya teke, lakini mimi nilikuwa nimeshaanza kuisoma namba yake ili nijue wanamtaka afanye nini.

Kwenye 3-4 huyo wa nje ndiye kitendawili. Mpira ukianza anaweza kumvamia kwotabeki, yule mrusha pasi, au akarudi nyuma kukaba pasi. Wale watatu wa mbele karibu kila mara wanakuja. Wa nne atatokea kulia, kushoto, au katikati? Kwotabeki hajui mpaka mpira uwe mkononi, na hapo ana sekunde mbili tatu tu. Tafuteni video za zamani za Lawrence Taylor wa Giants mwone mtu mmoja wa pembeni anavyoweza kuvuruga mipango ya timu nzima.

Baba Kona
Mwanangu anacheza kona kwenye timu ya sekondari hapa Texas, kwa hiyo kila Ijumaa usiku nipo uwanjani, nipende nisipende. Ushauri wangu: ukienda, usikae katikati ya jukwaa ambako kila mtu anagombania. Kaa nyuma ya nguzo za goli. Kamera za runinga zinawakata masefti, mara nyingi huwaoni kabisa, wakati wao ndio wanaokueleza kila kitu. Sefti wawili wamegawana uwanja nusu kwa nusu kule nyuma, hiyo wanaiita Kava 2. Mmoja kabaki peke yake katikati na mwenzake kasogea mbele, basi ni Kava 1 au Kava 3.

Utazitofautishaje hizo mbili? Subiri mpokeaji mmoja ahame upande kabla mpira haujaanza. Beki akimfuata hatua kwa hatua, mara nyingi wanakaba mtu kwa mtu, ndiyo Kava 1. Wakipeana ishara tu za mikono na kila mtu akabaki alipo, wanakaba eneo, ndiyo Kava 3: watatu wanagawana nyuma theluthi kwa theluthi. Kwotabeki naye anamhamisha yule mtu kwa sababu hiyohiyo, anachungulia! Mwanangu alinionyesha hilo mechi ikiendelea, alinyoosha kidole kumkabidhi mpokeaji kwa mwenzake, akarudi nyuma theluthi yake. Pasi ikaenda kwingine.

Mkesha Temeke
Sisi wa Dar tunaangalia fainali ya ligi ya Marekani, Super Bowl, saa nane na nusu usiku, Jumatatu kazini macho mekundu. Ile ya Februari 2014 ndiyo iliyonifanya nipende ulinzi. Denver walikuja na kwotabeki Peyton Manning na mashambulizi ya kutisha, Seattle wakawapiga 43-8. Kava 3 ya Seattle haikuwa siri kwa mtu: sefti Earl Thomas peke yake katikati nyuma, kona mmoja kila upande, sefti mwenzake Kam Chancellor kashuka karibu na malainibeka anasubiri mtu wa kumgonga. Denver walijua kinachokuja na bado hawakupita. Mchezaji bora wa fainali akawa lainibeka, Malcolm Smith. Alidaka pasi ya Manning akakimbia nayo mpaka mwisho.

Mzee wa Nikeli
Naheshimu michango yenu, ila mnawachosha wageni na hizo 4-3 na 3-4. Timu za sasa zinaweka wapokeaji watatu uwanjani mara nyingi, kwa hiyo lainibeka mmoja anatoka, anaingia beki wa tano. Hiyo ndiyo nikeli, na ndiyo sura ya kawaida ya ulinzi siku hizi. Akiingia wa sita inaitwa daimu. Utaiona zaidi dauni ya tatu ikiwa bado yadi nyingi. Mgeni ahesabu mabeki wa nyuma kwanza, wa mbele baadaye.

Mama Yadi
Asante Mzee. Sasa je, wakijazana wanane pale mbele kama abiria mlangoni pa daladala?

Mzee wa Nikeli
Dada, hiyo waulize Chicago Bears wa 1985. Kocha wao wa ulinzi, Buddy Ryan, alikuwa na mfumo unaoitwa 46, namba ya jezi ya sefti wao wa zamani Doug Plank. Watu wanane karibu na mstari mpira unapoanzia, kwotabeki hana pa kupumulia. Fainali waliwachapa New England 46-10.

Ila msimu ule walipoteza mechi moja, 38-24 kule Miami. Dolphins waliingiza mpokeaji wa tatu, lainibeka akalazimika kumkimbiza mtu mwepesi kuliko yeye, na kwotabeki wao Dan Marino akawa anaachia mpira haraka kabla wale wanane hawajamfikia. Ndiyo maana nasema hesabuni mabeki wa nyuma kwanza.